Kasha, Kanga na Mafurungu: Uchambuzi wa Kisa cha Kuchagua Kumbukumbu Katika Nyumba ya Bibi, Pangani

Kisa hiki kinahusu nyumba moja ya mawe na chokaa katika mji wa Pangani, mkoani Tanga. Mwenye nyumba, ambaye hapa nitamwita Bibi kama alivyoitwa na mtaa mzima, alifariki akiwa mtu mzima sana. Mumewe na wazazi wake walikwisha kutangulia siku nyingi. Aliacha watoto watano walio hai, wana wawili na mabinti watatu. Mwanawe mwingine alifariki kabla yake na kuacha binti mmoja, na huyo mjukuu ndiye aliyeishi na Bibi katika miaka yake ya mwisho, akampikia, akamwogesha na kumpeleka hospitali kila ilipohitajika. Kikao cha ukoo kilimpendekeza binti mkubwa wa marehemu awe msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikamthibitisha. Mimi ni mkwe wa familia hiyo. Kwa kuwa sina fungu katika mirathi, niliombwa niwe mwandishi wa orodha ya vitu vya ndani, na wenyewe wameniruhusu nikieleze kisa hiki bila kutaja majina.

Kuhusu nyumba na shamba la minazi hapakuwa na ugomvi wowote. Mafungu yanajulikana: mtoto wa kiume hupata fungu la watoto wawili wa kike, kwa hiyo wana wawili na mabinti watatu hufanya mafungu saba, mawili kwa kila mwana na moja kwa kila binti. Ugomvi ulizuka katika vitu ambavyo dalali asingevitolea bei ya maana, yaani kanga zilizovaliwa, mbuzi ya kukunia nazi, picha, cherehani na bati la biskuti lililojaa karatasi. Nimeona mambo ya namna hii katika zaidi ya familia moja, na naamini chanzo chake ni kwamba watu huingia chumbani mwa marehemu wakiulizana nani anataka nini, kabla ya kujua kila kitu ni cha nani na ni nani anayeijua habari yake.

Kasoro ya kwanza ilitokea mapema mno. Kwetu nguo za marehemu hutolewa sadaka, na ni desturi njema ambayo sina nia ya kuipinga. Lakini siku ile matanga yalipomalizika, wanawake waliokuja kusaidia usafi walikusanya nguo zote zilizokuwa zimetundikwa na zile zilizokuwa juu ya kitanda, wakazifunga mafurushi na kuzitoa. Waliofanya hivyo walikuwa na moyo safi kabisa. Hata hivyo, mali ya marehemu huwa ya warithi tangu anapofariki, na sadaka inayotolewa humo hutolewa kwa ridhaa yao. Hapa hakuna mrithi aliyeulizwa. Katika mafurushi hayo lilikwenda buibui la zamani la kufunga kwa kamba, la aina ambayo wasichana wa leo hawajaivaa, na binti wa mwisho wa marehemu, aliyefika kutoka Dodoma kesho yake, alilililia kuliko alivyolilia jambo jingine lolote. Hapakuwa na mkosaji wa kumlaumu. Ingetosha kama mtu mmoja angefunga mlango wa chumba na kusema kwamba sadaka itatolewa wote watakapokuwa wamekaa.

Kilichookoa mengine ni bati la biskuti. Lilikuwa juu ya kabati, limejaa karatasi zilizokunjwa, nyingi zikiwa zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Karatasi za namna hiyo hazitupwi jalalani. Kwa kuhofia kwamba ndani yake mna aya, watu huzichoma, huzizika au huzitosa baharini kwa heshima. Bati lilikwisha kuwekwa pamoja na kurasa zilizochakaa za msahafu likingoja kupelekwa baharini, kwa sababu katika nyumba nzima hakuna aliyeweza kuzisoma. Vijana waliopitia chuoni, yaani madrasa ya Kurani, walizitambua herufi lakini maneno hayakuwaelea, wakadhani ni Kiarabu kigumu. Kilikuwa Kiswahili kitupu. Bibi na watu wa rika lake walifundishwa kuandika chuoni, na kwa herufi hizohizo waliandikiana barua, wakaweka hesabu za minazi na kunakili mashairi.

Mjukuu aliomba bati lisiondoke mpaka asomewe yaliyomo, na msimamizi akakubali. Aliitwa mzee mmoja wa msikitini, akakaa barazani kutwa nzima na miwani yake, akiinua karatasi moja baada ya nyingine na kuzipanga katika mafungu: barua, hesabu, dawa, dua. Katika fungu la hesabu mlikuwamo kijikaratasi chenye mistari michache tu, kinachosema kwamba jozi moja ya mafurungu ya fedha, yaani mapambo ya kuvaa miguuni, yaliyo ndani ya kasha ni amana ya mwanamke fulani wa Bweni, ng'ambo ya mto, ambaye jina lake na la baba yake yameandikwa, aliyeyaacha alipokwenda Unguja kwa mumewe.

Kwa muda wote huo mafurungu yale yalikuwa yakigombewa na mabinti wawili. Mmoja alikumbuka kumwona mama yake akiyang'arisha kwa majivu na ndimu. Mwingine alisema aliahidiwa tangu utotoni. Kumbe yalikuwa yakitunzwa kwa niaba ya mwenyewe. Mwenye amana alikwisha kufariki, lakini binti yake yupo hukohuko Bweni, na kwenda kwake ni kuvuka kwa kivuko tu. Sura An-Nisaa, ambayo ndiyo yenye aya za mirathi, katika aya ya 58 inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na mwana mkubwa, aliyekuwa mkali kuliko wote katika masuala ya mali, ndiye aliyejitolea kuyapeleka.

Nimekaa kwa kirefu katika bati hili kwa sababu ndilo lililogeuza mwenendo wa kazi. Kabla yake, karatasi zilihesabiwa kuwa takataka na vito kuwa kumbukumbu. Baada yake ilieleweka kwamba bila karatasi hata vito havijulikani ni vya nani. Utaratibu wa mirathi wenyewe unataka hivyo: gharama za maziko hutangulia, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi moja ya mali kwa mtu asiye mrithi, na baada ya hapo ndipo mafungu hugawanywa. Amana hata haiingii katika hesabu hiyo, maana si mali ya marehemu. Mahakama nayo humtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa. Anayegawa vipuli vya masikioni na bangili kwenye arobaini, kabla karatasi hazijasomwa, huenda akagawa deni la mtu.

Nije kwa mjukuu, ambaye kwangu ndiye kiini cha kisa hiki.

Kwa sheria ya Kiislamu mjukuu huyu hakuwa na fungu, kwa sababu wana wa marehemu walio hai humzuia mtoto wa ndugu yao aliyekufa. Yeye mwenyewe alilijua hilo na hakudai nyumba wala shamba. Alitaja vitu viwili tu. Kimoja kilikuwa cherehani cha mkono ambacho Bibi alimpa alipomaliza kujifunza ushonaji, na ambacho tangu siku hiyo alikitumia kushonea watu kwa malipo aliyoyaweka mwenyewe. Cha pili kilikuwa vipuli vya dhahabu ambavyo Bibi alivivaa hadi alipolazwa, na ambavyo alimwambia, mbele ya jirani mmoja wa kike, kwamba vitakuwa vyake atakapokufa.

Kwa masikio ya wengi haya yalikuwa maneno ya aina moja: Bibi alisema nipewe. Sheikh aliyeshauriwa aliyatenganisha, na naona kila familia ingefaidika kuujua mpaka huu. Cherehani kilikuwa hiba, yaani zawadi iliyotolewa, ikapokewa na kutumiwa wakati mtoaji yu hai, kwa hiyo kilikwisha kutoka katika mali ya Bibi na hakikupaswa hata kuandikwa katika orodha yangu. Nilikifuta. Vipuli vilikuwa habari nyingine, kwani maneno ya kutoa kitu baada ya kufa ni wasia. Wasia kwa mjukuu asiyerithi unakubalika, na vipuli havikukaribia theluthi ya mali, lakini ushahidi wa jirani mmoja peke yake haukutosha kuuthibitisha. Hata hivyo, sheikh aliongeza kwamba mrithi anayeamini kuwa marehemu alisema hivyo anaweza kuutekeleza katika fungu lake mwenyewe.

Mabinti wote watatu walisema wanaamini. Mwana mdogo naye akasema anaamini. Mwana mkubwa alikataa, na alikataa kwa utulivu, akisema kwamba yeye hakusikia, na kwamba wakianza kufuata maneno yaliyosemwa chumbani hawatamaliza. Wapo waliomwona kuwa na roho ngumu. Mimi nadhani alikuwa na haki ya kusema alichosema, ingawa moyo wangu ulikuwa upande wa binti aliyekaa na mgonjwa usiku na mchana. Vipuli vilipelekwa kwa sonara mjini Tanga vikapimwa, thamani ikaandikwa, na mafungu mawili kati ya saba ya thamani hiyo akalipwa mwana mkubwa kutoka katika kodi ya chumba cha mbele ambayo dada zake walikubali kuiachia. Mjukuu akapewa vipuli vyake mkononi, mbele ya wote.

Hapo ndipo aya ya 8 ya sura ileile ilipotajwa, ile inayosema kwamba wakati wa kugawanya mirathi wakihudhuria jamaa wasio na fungu, mayatima na maskini, wapewe chochote na waambiwe maneno mema. Kwa maoni yangu aya hii ndiyo msingi bora wa shughuli nzima ya kumbukumbu katika familia za Kiislamu. Wajukuu, wakwe, jirani aliyempelekea marehemu uji, yaya aliyelea watoto, wote hawa hawamo katika mafungu saba, lakini wamo katika aya hiyo. Tena inahimiza maneno mema pamoja na kitu, na hayo ndiyo yanayosahaulika zaidi. Mpishi aliyempikia Bibi katika shughuli zake zote alipewa sinia kubwa la shaba, akaambiwa na binti mkubwa kwamba mama yao hakuwahi kumwamini mtu mwingine kwa pilau yake. Mwanamke yule alilishika sinia akashindwa kusema.

Kuhusu kanga, sikubaliani na jinsi zilivyogawanywa, na nitasema kwa nini.

Kasha la Bibi, la mbao nzito lililopigwa misumari ya shaba, lilikuwa na doti 31. Tisa zilikuwa bado hazijakatwa, kila doti ni kitambaa kimoja chenye vipande viwili vilivyoshikana, hazijapindwa wala kufuliwa. Hizo zilikuwa mali ya kawaida na zilistahili kuingizwa katika orodha kwa bei. Zilizobaki zilikuwa zimevaliwa na kukunjwa kwa mpangilio ambao mwanzoni hakuna aliyeuelewa: chini kabisa kulikuwa na kisutu cha harusi yake, rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe, kimelainika hata kitambaa kinapita mwanga; juu yake kanga yenye jina, yaani msemo wake, lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu kama zilivyokuwa kanga za zamani; kisha zenye chapa ya «Mali ya Abdulla» ya duka la Kaderdina la Mombasa; kisha za kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichoanza kazi mwaka 1968; na juu kabisa zile za misiba na harusi za karibuni. Miongoni mwao ilikuwamo «Sisi sote abiria, dereva ni Mungu», ambayo binti wa pili alisema mama yao aliinunua mwaka alipofiwa na mumewe na kuivaa mpaka ukingo ukafumuka.

Maisha ya mwanamke mmoja yalikuwa yamelala humo, moja juu ya nyingine, kwa zamu. Mabinti, wakitaka haki itendeke, walizitandaza mkekani na kuzigawa kwa zamu, kila mmoja akichukua doti moja mpaka zikaisha. Mgawanyo ulikuwa wa haki kabisa kwa hesabu, na ulivunja mpangilio ambao ndio uliokuwa na maana kubwa kuliko kanga yoyote peke yake. Sisemi kwamba zingebaki zote kwa mtu mmoja. Nasema kwamba zingeandikwa kwanza kama zilivyokuwa kashani, moja baada ya nyingine, kwa picha, kwa jina la kanga na kwa maneno ya anayekumbuka ilinunuliwa kwa shughuli gani, na baada ya hapo zingeweza kwenda Dodoma, Tanga na kwingineko bila hasara. Mjukuu aliwahi kupiga picha za ishirini hivi za juu. Zile za chini, ambazo ndizo za kale, zilikwisha kuwa mikononi mwa watu.

Katika kisutu walifanya jambo ambalo naliona la busara. Binti mkubwa na yule wa mwisho walikitaka wote wawili, hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake, na mwisho wake waliamua kila mmoja achukue kipande kimoja cha doti. Kanga huzaliwa pacha, na ndugu kugawana doti ni jambo la kila siku katika pwani yetu. Hapakuhitajika mkasi wala fidia.

Vyombo vya jikoni havikuwa na maneno mengi. Kinu na mchi vilibaki na nyumba. Mbuzi ya kukunia nazi, ambayo meno yake yalikuwa yamelika mpaka yamebaki mafupi kama ya msumeno wa mtoto, ilitakiwa na wajukuu watatu wa mjini ambao nyumbani kwao nazi hununuliwa ikiwa imekwisha kukunwa. Walitaka kuiweka sebuleni. Akapewa wa nne, anayekaa Mkwaja na anayekuna nazi kila siku. Niliupenda uamuzi huo. Kumpenda Bibi walimpenda wote, na upendo haupimiki. Bali kazi ya mbuzi inajulikana, na anayeifanya anajulikana pia.

Mzozo wa mlango ulikuwa wa namna yake. Mjukuu mmoja anayeishi Muscat, ambako upande wa babu yake una jamaa wengi, aliomba auchukue mlango wa mbele, au angalau kizingiti cha juu chenye nakshi, na alikuwa tayari kulipa gharama zote za kuusafirisha kwa meli pamoja na kuweka mlango mpya. Hakuwa na nia mbaya; alitaka watoto wake wapite chini ya kizingiti alichopita yeye. Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inaiweka milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1940 katika vitu vinavyolindwa, na haitolewi nchini bila kibali cha serikali. Nyumba hii ilikuwapo kabla ya vita vya pili vya dunia, na mlango ni wa umri wa nyumba. Mbali na sheria, mlango wa Pangani ukitolewa Pangani hubaki nakshi tu. Alieleweshwa, akapewa saa ya ukutani ya babu yake na pesa ya shaba ya Sayyid Barghash, ile yenye picha ya mizani, ambayo Bibi aliitumia kufundishia wajukuu kuhesabu.

Picha zilikuwa karibu mia mbili, nyingi za studio, nyeusi na nyeupe. Zilikuwa zimeanza kushika kuvu kwa unyevu wa bahari. Kwa kuwa jambo hili hukuta kila familia, nitaeleza lilivyofanywa. Wifi mmoja wa marehemu, mwenye kumbukumbu nzuri, alikalishwa kitako na kuonyeshwa picha moja moja, naye akataja majina huku mjukuu akiyaandika nyuma kwa penseli, kwani wino wa kalamu hupenya karatasi na kutokeza upande wa pili. Kisha zilipigwa kwa simu, kila moja peke yake, kwenye kivuli mchana, na kutumwa katika kundi la familia kama faili la waraka, kwa sababu zikitumwa kama picha za kawaida WhatsApp huzipunguza ubora. Asili zilitiwa bahasha za karatasi, si albamu za plastiki zenye gundi ambazo hung'ang'ania picha mpaka zikachanika. Baada ya hapo hakuna aliyegombania picha hata moja, maana kila mtu alikuwa nazo zote.

Karatasi za bati zilifanyiwa vivyo hivyo. Hesabu na barua zimebaki kwa msimamizi. Mashairi, ambayo baadhi yake yanaonekana kuwa ya mkono wa Bibi mwenyewe, yamenakiliwa kwa herufi za Kirumi kwa msaada wa mzee yule, na familia inafikiria kupeleka nakala Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako maandishi ya Kiswahili ya herufi za Kiarabu yamekuwa yakikusanywa kwa muda mrefu. Nimewasihi wafanye hivyo mapema. Mzee ni mmoja, na macho yake si ya kungoja.

Kasha lenyewe halijapata mwenyewe. Mabinti wawili hawana chumba cha kulitosha, wa tatu anataka lisitolewe nyumbani, wana wanasema liuzwe bei yake iingie katika mafungu, na tumbuu ya kufuli lake ni ya zamani kiasi kwamba wanunuzi wa Dar es Salaam wamekwisha kulitolea bei mara mbili. Limeandikwa katika fomu ya mali na madeni iliyopelekwa mahakamani. Vitu vya kumbukumbu vilivyogawanywa havikuandikwa humo, ila niliviandika katika daftari la pembeni, kila kitu na aliyekipokea na maneno aliyoambiwa alipokipokea, na warithi wote watano wakatia sahihi, mwana mkubwa akiwa wa kwanza. Kuhusu kasha, msimamizi ameomba likae kwa mjukuu katika chumba cha nyuma mpaka kikao kijacho cha ukoo, na funguo ziwe mbili: moja kwake, nyingine kwa mwana mkubwa.